Jinsi ya kuomba fedha ya serikali kwa utafiti wa afya, kutoka swali hadi mrejesho

Mgonjwa wa kifua kikuu anayeanza dozi leo Kibaha, Kitale au Mbale anaambiwa atameza dawa kwa miezi sita. Miaka ya sitini angeambiwa mwaka na nusu, na wengi waliishia njiani mara tu kikohozi kilipopungua. Safari hiyo ilifupishwa hapa hapa kwetu. Mwaka 1972 mabaraza ya utafiti wa tiba ya Afrika Mashariki na ya Uingereza yalichapisha matokeo ya jaribio lililofanyika kwa wagonjwa wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, yakionyesha kwamba miezi sita ya dawa zilizochanganywa vizuri inaweza kutosha. Fedha iliyolipa kazi hiyo ilikuwa ya umma. Kampuni ya dawa haina haraka ya kugundua kwamba mgonjwa anahitaji vidonge vichache. Swali kama hilo huulizwa na serikali, kwa kodi, au haliulizwi kabisa.

Naandika mwongozo huu kwa muuguzi, tabibu, mtu wa maabara au mwanafunzi wa uzamili mwenye swali linalomkosesha usingizi na asiyejua pa kuanzia. Nimekaa miaka mingi kwenye meza ya uratibu wa miradi, kazi yangu ikiwa kupokea maandiko ya wenzangu, yaani maombi yao ya fedha ya utafiti, kuyakagua na kuyapeleka. Yale yaliyorudi mikononi mwangu yakiwa yamekataliwa, mara chache yalikuwa na sayansi mbovu. Mengi yalikuwa na swali lisilo na mwenyewe, au hesabu zisizokubaliana. Nitakaa zaidi hapo. Mfano wangu mkuu ni Tanzania kwa sababu ndiko ninakokujua, lakini wa Kenya na Uganda watautambua mkondo.

Hatua ya 1: Jua fedha inakaa wapi

Tanzania Bara, chombo cha kuanza nacho ni Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986. Ndiyo inayosimamia Mfuko wa Taifa wa kuendeleza sayansi na teknolojia, maarufu kama MTUSATE, na hutoa wito wa maandiko, yaani tangazo la kualika maombi, pale fedha inapopatikana. Utafiti wa afya hushindana humo na kilimo, viwanda na nishati, kwa hiyo usidhani msomaji wako ni daktari. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1979, miaka miwili baada ya Jumuiya ya zamani ya Afrika Mashariki kuvunjika na vituo vyake vya utafiti, kama vile Amani na Mwanza, kubaki vikihitaji mlezi. Inafanya utafiti yenyewe, na ndiyo inayosimamia kibali cha maadili, nitakachokieleza mbele. Baadhi ya vyuo vikuu vya umma navyo vina fungu la ndani la utafiti. Mtu wa kwanza kumwuliza ni mkurugenzi wa utafiti wa chuo chako, kabla hujamwuliza mtu wa nje.

Kenya wana Mfuko wa Taifa wa Utafiti, NRF, uliotokana na sheria ya sayansi, teknolojia na ubunifu ya mwaka 2013, pamoja na tume yao ya sayansi, NACOSTI, kwa leseni za utafiti. Uganda kuna Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, UNCST.

Kuna ahadi mbili ambazo kila mwombaji anapaswa kuzijua, maana zinasaidia kujenga hoja. Mwaka 2006 mjini Khartoum nchi za Umoja wa Afrika zilikubaliana kufikisha asilimia 1 ya pato la taifa katika utafiti. Mwaka 2008 mjini Bamako mawaziri waliombwa watenge angalau asilimia 2 ya bajeti za wizara zao za afya kwa ajili hiyo. Ukikaa mbele ya kamati ya bajeti ya halmashauri au ya chuo, zitaje. Ni makubaliano ya serikali zenyewe, na kuyakumbusha ni haki ya raia.

Jambo la mwisho hapa: serikali haimpi fedha mtu binafsi. Inaipa taasisi. Kama unafanya kazi zahanati au hospitali ya wilaya, tafuta mtafiti wa chuo au wa kituo cha utafiti mshirikiane, na hakikisha jina lako limeandikwa kwenye andiko kama mtafiti mwenza, na wajibu wako umeelezwa. Nimeona wauguzi walioleta wazo zima wakaishia kuandikwa kwenye aya ya shukrani. Lisemeni mapema, kwa heshima, kabla ukurasa wa kwanza haujaandikwa.

Hatua ya 2: Tafuta swali lenye mwenyewe

Swali lenye mwenyewe ni lile ambalo kuna mtu, mwenye cheo na bajeti, anayesubiri jibu lake ili abadilishe kitu. Ukishindwa kumtaja mtu huyo, bado hujapata swali.

Nieleze kwa mfano. Siku moja nilikaa kwenye benchi la kliniki ya wajawazito, nje ya zahanati moja ya kijijini, nikiwasubiri wenzangu. Mama aliyekuwa karibu nami alikuwa na ujauzito wa miezi minane hivi. Nikamwomba anionyeshe kadi yake. Safu ya uzito ilikuwa imejazwa kila hudhurio. Safu ya presha ilikuwa na namba moja tu, ya hudhurio la kwanza. Chini yake palikuwa patupu. Baadaye nikamwuliza muuguzi, dada mchapakazi aliyekuwa peke yake kwa siku nzima. Akanijibu bila kuficha: "Mashine tunayo, kaka, ila betri zikiisha nanunua mwenyewe. Kwa hiyo nampima anayelalamika kichwa."

Hapo kuna swali. Kifafa cha mimba kinaua, na dalili yake ya mapema ni presha inayopanda kabla mama hajahisi lolote. Angalia namna tatu za kuliandika:

"Utafiti kuhusu afya ya uzazi wilayani." Hili ni kabati, halina swali ndani.

"Kuchunguza mambo yanayoathiri upimaji wa presha kwa wajawazito." Afadhali, lakini mwisho wake ni orodha ya mambo ambayo muuguzi yule angekutajia kwa dakika tano.

"Je, zahanati zikipewa mashine za presha za kuchaji kwa umeme wa jua pamoja na utaratibu wa kumpima kila mama kabla hajapimwa uzito, idadi ya mahudhurio yenye presha iliyoandikwa kwenye kadi itaongezeka kiasi gani ndani ya miezi mitatu?" Hili lina mwenyewe. Mganga Mkuu wa Wilaya akipata jibu anaweza kuingiza mashine hizo kwenye mpango wa mwaka unaofuata.

Kwa hiyo, kabla hujaandika chochote, nenda ofisini kwa Mganga Mkuu wa Wilaya. Mwulize ni uamuzi gani unamsumbua kwa sababu hana takwimu. Kisha soma vipaumbele vya taifa vya utafiti wa afya na mpango mkakati wa Wizara ya Afya, utafute sentensi inayogusa swali lako, uinukuu neno kwa neno na kutaja ukurasa. Msomaji wa andiko lako atakuwa na karatasi ya alama mbele yake, na mara nyingi moja ya safu zake inauliza kama mradi unalingana na vipaumbele vya nchi. Mpe jibu asilolazimika kulitafuta.

Historia inatufundisha thamani ya swali la namna hii. Mkoani Mwanza, mwanzoni mwa miaka ya tisini, watafiti waligawa jamii 12 katika jozi: sita zikapata huduma bora ya magonjwa ya zinaa katika vituo vya afya vya kawaida, sita zikasubiri. Matokeo yalipochapishwa mwaka 1995, maambukizi mapya ya VVU katika jamii zilizopata huduma yalikuwa yamepungua kwa takriban asilimia 40. Hapakuwa na dawa mpya wala mtambo wa ajabu. Palikuwa na swali ambalo waziri yeyote wa afya angeweza kulifanyia kazi kesho yake.

Hatua ya 3: Usome wito kama unavyosoma mkataba

Chapisha tangazo la wito, uchukue kalamu nyekundu, upigie mstari kila neno linalosema "lazima". Umri wa mtafiti mkuu, shahada, kiwango cha juu cha fedha, idadi ya kurasa, ukubwa wa herufi, saa ya mwisho. Andika kila sharti kwenye karatasi yako, na mbele yake jina la atakayelitimiza. Andiko letu moja, nikiwa bado mgeni katika kazi hii, liliondolewa kabla halijasomwa kwa sababu mkuu wa taasisi alikuwa safarini na barua ikaenda bila sahihi yake. Miezi minne ya kazi ya watu watano. Tangu hapo huomba sahihi wiki tatu kabla, hata kama andiko halijakamilika, kwa sababu barua ya kuunga mkono haitegemei aya ya mwisho.

Hatua ya 4: Mtakwimu na mhasibu waje mwanzo

Watu humwita mtakwimu baada ya kukusanya takwimu, kama vile mtu anavyomwita fundi baada ya ukuta kupasuka. Mwite siku ya kwanza. Yeye ndiye atakayekwambia unahitaji wajawazito wangapi, na namba hiyo ndiyo inayozaa siku za kazi, idadi ya wasaidizi, na hatimaye shilingi. Mhasibu wa taasisi naye aje mapema. Atakuambia kasma zipi, yaani mafungu ya matumizi, zinaruhusiwa, viwango vya posho vya serikali ni vipi kwa sasa, na manunuzi yatachukua muda gani.

Hatua ya 5: Andika ukurasa wa kwanza kana kwamba ndio pekee

Wanaopima maandiko husoma mengi kwa siku chache, wengine usiku baada ya kazi zao. Ukurasa wa kwanza ubebe tatizo, ukubwa wake mahali ulipo, kile ambacho bado hakijulikani, utakachokifanya, na nani atatumia jibu. Anza na wilaya yako, usianze na dunia. Aya inayoanza kwa "Duniani kote, vifo vya akina mama..." ameshaisoma mara kumi asubuhi hiyo hiyo. Aya inayoanza kwa "Katika zahanati sita za tarafa hii, kadi tulizozikagua..." itamfanya akae sawa kwenye kiti.

Namba hizo za kadi unazipata wapi kabla hujapewa fedha? Omba ruhusa ya mganga mfawidhi ukague rejista za miezi michache, bila kuchukua majina. Kazi ya siku mbili, nauli ya mfukoni. Hakuna kitu kinachoipa nguvu hoja kuliko namba chache ulizozihesabu mwenyewe, na hakuna kinachoonyesha haraka zaidi kwamba mwombaji hajawahi kufika mahali anapopaandikia. Uliza taasisi yako kama hata ukaguzi huo mdogo unahitaji kibali, pengine unahitaji.

Katika sehemu ya mbinu, andika nani atafanya nini, wapi, lini, kwa kipimo gani. Epuka "takwimu zitachambuliwa kwa kutumia programu ya kompyuta." Taja ulinganisho utakaoufanya. Kisha eleza kitakachoweza kuharibika: mvua za masika zikifunga barabara, mashine ikiibwa, wasaidizi wakiacha kazi. Mwombaji anayetaja hatari na kuzitafutia njia anaaminika kuliko anayeahidi mambo yote kwenda sawa.

Hatua ya 6: Bajeti, mahali ambapo wengi huanguka

Bajeti ni andiko lako likisemwa upya kwa namba. Kila shilingi iweze kuulizwa "imetoka wapi?" na ijibu.

Tuendelee na mfano wetu. Viwango nitakavyovitumia ni vya kufundishia. Wewe tumia vya taasisi yako. Tuseme mtakwimu amesema unahitaji wajawazito 540. Msaidizi mmoja anaweza kumhoji mama, kunakili kadi yake na kuhakiki fomu kwa wanawake watatu kwa siku, maana mama wa kliniki hawezi kushikiliwa kutwa. Wasaidizi watatu, basi, ni wanawake tisa kwa siku. Gawanya 540 kwa 9, unapata siku 60. Sasa namba zinaanza kuzungumza:

Wasaidizi 3 × siku 60 × shilingi 35,000 = 6,300,000
Pikipiki 3 × siku 60 × shilingi 15,000 = 2,700,000
Mafunzo na majaribio ya dodoso, watu 12 × siku 3 × shilingi 30,000 = 1,080,000
Mashine za presha 6 × shilingi 180,000 = 1,080,000
Mikutano ya mrejesho vijijini 6 × shilingi 150,000 = 900,000
Bando la simu, wasaidizi 3 × miezi 3 × shilingi 30,000 = 270,000

Jumla 12,330,000. Ongeza ada za vibali, uchapishaji wa fomu na asilimia ya taasisi, ile ya gharama zake za uendeshaji, kama wito unairuhusu.

Tazama kwamba msomaji akikuuliza kwa nini siku 60, jibu limo tayari. Chini ya jedwali andika maelezo ya kila mstari: kwa nini pikipiki na si gari (zahanati nne kati ya sita hazifikiki kwa gari wakati wa mvua), kwa nini mafunzo siku tatu. Halafu fanya jambo moja ambalo nakusihi usiliruke. Mpe mtu asiyehusika na mradi kikokotoo na karatasi, ajumlishe kwa mkono. Niliwahi kupeleka andiko ambalo jumla ya kwenye muhtasari ilizidi ile ya kwenye jedwali kwa shilingi 300,000, kwa sababu tulipunguza siku za mafunzo usiku wa mwisho tukasahau kurekebisha ukurasa wa mbele. Mhakiki aliandika mstari mmoja tu: fedha haijulikani. Alikuwa na haki. Asiyeweza kulinganisha kurasa mbili zake mwenyewe ataaminiwaje na fedha ya watu?

Usipunguze bajeti kwa kudhani bei rahisi itapendwa. Mradi uliokadiriwa chini hukwama katikati, na wanaoumia ni wasaidizi wanaoachwa bila malipo na akina mama waliotoa muda wao bure. Wala usiweke kompyuta nne kwa watu watatu.

Hatua ya 7: Vibali, kwa mpangilio

Utafiti wowote unaogusa watu unahitaji kibali cha maadili. Huanza na kamati ya taasisi yako kama ipo, na kwa ngazi ya taifa ni Kamati ya Taifa ya Maadili ya Utafiti wa Afya iliyo chini ya NIMR. Zanzibar ina chombo chake, Taasisi ya Utafiti wa Afya Zanzibar, na kibali cha Bara hakikutoshi ukivuka maji. Ukijaribu dawa au kifaa tiba kipya, ongeza idhini ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Ukisafirisha sampuli au takwimu nje ya nchi, kuna mkataba maalumu unaopitia NIMR. Na tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ianze kufanya kazi mwaka 2023, majina na namba za simu za washiriki zina ulinzi wa sheria, si wa adabu peke yake. Tenganisha karatasi ya majina na karatasi ya majibu. Kila moja kabati lake na ufunguo wake.

Baada ya hapo zinaanza barua za kushuka: Katibu Tawala wa Mkoa, Mkurugenzi wa Halmashauri, Mganga Mkuu wa Wilaya, Mtendaji wa Kata, Mtendaji wa Kijiji. Beba nakala nyingi kuliko unavyodhani, na usimruke mtu. Mwenyekiti wa kijiji aliyesikia habari zako kutoka kwa watoto badala yako atakufanya urudi mara tatu, na ni haki yake, maana watu wake watamwuliza yeye.

Fomu ya ridhaa iandikwe kwa Kiswahili cha kusemwa. Isome kwa sauti mbele ya mama yako mzazi au shangazi. Akikunja uso, andika upya. "Ushiriki wako ni wa hiari" wengi wataitikia tu kwa heshima. "Ukikataa, utahudumiwa kliniki vilevile na hakuna atakayekukasirikia" wataielewa. Asiyejua kuandika huweka alama ya dole gumba mbele ya shahidi anayemwamini yeye, si shahidi uliyemleta wewe. Nimemwona bibi akifuta wino wa kidole kwenye khanga yake, kisha akageuka akamwuliza shahidi: "Nimesema ndiyo kwa nini hasa?" Tukakaa chini tukaanza upya. Dakika ishirini zile zilikuwa sehemu ya utafiti.

Anza vibali mapema kadiri wito unavyoruhusu. Kibali cha maadili kina muda wake na huhuishwa. Andika tarehe ya kuisha ukutani.

Hatua ya 8: Fedha ikiingia

Mwaka wa fedha wa serikali ya Tanzania huanza tarehe 1 Julai na kuisha tarehe 30 Juni. Bunge la bajeti huanza Aprili. Tarehe hizi zitaongoza maisha yako kuliko ratiba uliyoiandika. Ukipokea fedha Machi, una miezi michache kabla vitabu havijafungwa, kwa hiyo keti na mhasibu siku ile ile mpange kipi kinalipwa kwanza na kipi kinaombewa kuvushwa.

Manunuzi ya taasisi ya umma hupita kwenye NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi kwa mtandao. Hata mashine sita za presha. Anza mchakato kabla ya mafunzo, la sivyo wasaidizi watafundishwa kwa kifaa ambacho hakipo.

Fedha ya safari utaipata kama masurufu, yaani fedha unayotangulizwa, na masurufu hurejeshwa kwa risiti ndani ya muda uliowekwa. Hapa ndipo watafiti wazuri hupata hoja za ukaguzi zinazowanyima usingizi. Dereva wa bodaboda hana mashine ya risiti za kielektroniki. Mama ntilie aliyewapikia washiriki wa mafunzo hana. Muulize mhasibu, kabla ya safari, ni fomu gani inakubalika kwa malipo ya watu hao, kisha itumie ile ile kila mara: jina, kazi, tarehe, kiasi, namba ya simu, sahihi. Nunua daftari lenye jalada gumu na bahasha moja kwa kila wiki. Jioni, kabla ya kula, msaidizi anabandika risiti za siku. Karatasi za mashine hufifia zikikaa kwenye joto la mfuko wa shati. Baada ya miezi mitatu unabaki na kipande cheupe. Zipige picha siku ile ile.

Bei zikibadilika na unahitaji kuhamisha fedha kutoka kasma moja kwenda nyingine, andika barua kwanza, subiri jibu, ndipo uhamishe. Nia njema haisomeki kwenye vitabu vya mkaguzi.

Hatua ya 9: Fedha ya serikali za nje

Fedha nyingi ya utafiti wa afya katika ukanda wetu imekuwa ikitoka kwa walipa kodi wa nchi nyingine: Taasisi za Taifa za Afya za Marekani (NIH), taasisi ya taifa ya utafiti wa afya ya Uingereza (NIHR) na Baraza la Utafiti wa Tiba la nchi hiyo, na EDCTP, ushirika wa nchi za Ulaya na Afrika ulioanza mwaka 2003. Matunda yake yameonekana kwa wasema Kiswahili. Mashariki ya Kongo, wakati wa Ebola, jaribio lililoanza Novemba 2018 likiongozwa na taasisi ya utafiti ya Kongo, INRB, pamoja na NIH, lilionyesha kwamba dawa mbili za kingamwili zilipunguza vifo. Moja ya dawa hizo ilitokana na damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya mwaka 1995. Wagonjwa wa Beni na Butembo ndio walioifungulia dunia mlango huo.

Ukitaka kuomba NIH moja kwa moja, taasisi yako lazima iwe na namba ya utambulisho, UEI, kupitia usajili wa SAM.gov, tovuti ya serikali ya Marekani, unaohuishwa kila mwaka, na mtafiti mkuu awe na akaunti ya eRA Commons, mfumo wa mtandaoni wa NIH wa kushughulikia ruzuku. Anza angalau wiki sita kabla. Tofauti ndogo ya jina la taasisi kati ya hati mbili inatosha kukukwamisha. Ukurasa wa malengo ni mmoja tu, na kwa ruzuku ya aina ya R01, ile ya kawaida ya mradi wa utafiti, maelezo ya utafiti hayazidi kurasa 12. Gharama za uendeshaji ambazo taasisi iliyo nje ya Marekani inaweza kudai kwa kawaida zimewekewa kikomo cha asilimia 8.

Lakini jifunze kutoka mwaka 2025. Januari ile serikali ya Marekani ilisimamisha misaada ya nje, na majaribio yaliyolipwa na shirika lake la misaada, USAID, yakaamriwa kusimama huku washiriki wakiwa bado kwenye matibabu. Mwezi Mei NIH nayo ikatangaza kusitisha utaratibu wa ruzuku ndogo zinazopitia taasisi za Marekani kwenda nje, hadi mfumo mpya utakapowekwa. Kwa hiyo, katika kila andiko la fedha ya nje, weka aya inayoeleza mshiriki atafanyiwa nini fedha ikikatika ghafla: dawa zake zitatoka wapi, nani atampigia simu, faili lake litakwenda kliniki gani. Na usiiache mishahara ya timu nzima itegemee mfuko mmoja. Hata fungu dogo la ndani, la milioni kumi na mbili kama lile la mfano wetu, linaweza kumbakisha msaidizi mmoja mwenye funguo za kabati na orodha ya washiriki.

Hatua ya 10: Rudisha jibu

Ripoti kwa mfadhili utaiandika kwa sababu utadaiwa. Mrejesho kwa kijiji hakuna atakayekudai, kwa hiyo uweke kwenye bajeti tangu mwanzo, kama tulivyoweka ile mikutano sita, na uulinde usimegwe bei za mafuta zikipanda.

Kwa Mganga Mkuu wa Wilaya peleka kurasa mbili: tulichouliza, tulichokuta, tunachopendekeza, kitagharimu kiasi gani. Zifike kabla halmashauri haijaanza kuandaa mpango wa mwaka unaofuata. Zikichelewa, pendekezo lako litasubiri mwaka mzima.

Kwa zahanati, ukurasa mmoja wa Kiswahili kwa herufi kubwa, ubandikwe karibu na mizani ambapo akina mama husimama. Kijijini, omba nafasi kwenye mkutano uliopangwa tayari badala ya kuitisha wako. Waambie na lile ambalo halikufanikiwa. Beba mashine moja ya presha, umpime mwenyekiti mbele ya watu, kisha umwachie muuguzi dakika kumi aeleze kwa maneno yake mwenyewe kwa nini sasa anampima kila mama. Maswali yatakayoulizwa pale yaandike kwenye ukurasa mtupu wa mwisho wa lile daftari la risiti. Wito ujao ukitangazwa, anzia ukurasa huo.